Mstari Mwekundu Niliouchora

Nilipoajiriwa kuwa karani wa takwimu katika ofisi moja ya afya huku Gusii, kazi yangu ilikuwa kukusanya fomu. Kila mwanzo wa mwezi zahanati kumi na mbili zilizokuwa chini yetu zilileta karatasi zao, nyingine zimelowa mvua, nyingine zina duara la kikombe cha chai, nami nikaziingiza kwenye kompyuta: wajawazito wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, malaria ngapi. Nilitoka nyumbani Nyakoe asubuhi, nikarudi jioni, na kwa miezi mingi sikumwona mtu hata mmoja aliyesoma nilichoandika.

Mambo yalibadilika daktari mkuu wetu aliporudi kutoka warsha fulani Kisumu. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye miwani aliyopenda kuivua akiwaza. Aliniita akasema kuanzia robo hiyo ya mwaka hataki kuletewa majedwali tena. Anataka picha.

"Kila zahanati iwe na ukurasa wake," akasema. "Nguzo moja kwa kila mwezi, watoto waliochanjwa surua. Na juu yake upitishe mstari mwekundu wa lengo, ili mtu akiangalia tu ajue."

Nilijifunza kwa wiki mbili. Nguzo hazikunisumbua. Mstari ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu kompyuta haikuwa na kitufe cha kuuchora. Ilibidi niutungie safu yake ya namba, kila mwezi namba ileile, halafu niiambie kompyuta iunganishe. Ulipotokea kwa mara ya kwanza, mwekundu, umenyooka kutoka Januari hadi Desemba, nilimwita mlinzi wa langoni aje auone. Nilielewa mara moja kwa nini daktari aliutaka. Ukimwambia mtu kwamba zahanati fulani imechanja watoto kumi na wanane mwezi huu, hajui afurahi ama asikitike. Mstari unamwambia.

Namba za kuchorea mistari nilizipata kwenye faili ya karani aliyenitangulia. Kulikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne, iliyoonyesha kila zahanati ina vijiji vipi na inatarajiwa kupata watoto wangapi kwa mwezi. Zilikuwa zahanati kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwamo kwa kuwa ilikuwa imefunguliwa juzijuzi tu, ng'ambo ya kijito. Sikujua niiwekee namba gani, na mkutano ulikuwa keshokutwa, basi nikanakili ile ya zahanati ndogo kuliko zote. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Sikurekebisha.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, kwa kuwa ofisi yetu haikuwatosha watu wote. Projekta iliwekwa juu ya meza ya vitabu vya nyimbo. Ukurasa baada ya ukurasa nguzo zilipita mstari kidogo au zikaukosa kidogo, na wauguzi wakaitikia kwa vichwa. Ilipofika zahanati mpya, nguzo zote zilikuwa juu ya mstari, nyingine mara mbili yake. Muuguzi wa pale, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alipigiwa makofi. Daktari akamwambia asimame ili wenzake wamwone.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa zahanati ya upande wa pili wa kijito hichohicho, juu kwenye mashamba ya chai. Nguzo zake zote zilikuwa chini, hazikufika hata nusu ya mstari. Muuguzi wake alikuwa mama wa miaka karibu sitini, mtulivu, ambaye daima alivaa sweta ya buluu juu ya sare yake.

"Sista," daktari akamwambia, "kwani kwenu watu wameacha kuzaa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

"Daktari," akajibu, "kila mtoto ninayemjua nimemchanja."

"Basi mstari unasema hujawajua."

Baada ya mkutano, tulipokuwa tukipanga foleni ya chai na ndizi za kuchemsha, sista alikuja akasimama kando yangu.

"Mama," aliniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita hata wasichana, "huo mstari unauchora wewe?"

"Ndiyo, sista."

"Unautoa wapi?"

"Ni lengo, sista."

"Jina lake nalijua. Nakuuliza unautoa wapi."

"Umetoka juu," nikasema.

Alinitazama kidogo, akachukua kikombe chake, akaenda kukaa peke yake karibu na mlango.

Robo tatu zilizofuata zilikuwa vilevile. Mwishoni daktari aliniagiza nichape barua ya kumtaka aeleze kwa maandishi kwa nini alikuwa chini ya lengo mwaka mzima. Niliichapa na kuigonga muhuri. Jibu lake lilikuja kwa mkono wake mwenyewe, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, sentensi mbili tu. Alisema rejista zake ziko wazi, na kwamba mwenye mashaka aende wakahesabu pamoja.

Daktari alisoma, akavua miwani. "Nenda wewe," akaniambia. "Siku mbili."

Nilifika Jumatatu. Pikipiki iliniacha kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai na kutoka hapo nilipanda kwa miguu, viatu mkononi, kwa sababu mvua ya jana yake ilikuwa imeifanya njia kuwa sabuni. Zahanati ilikuwa vyumba vitatu na benchi nje. Ndani, ukutani, kulikuwa na ukurasa wangu. Aliomba nakala yake kwa daktari, nikaja kujua, akaubandika mwenyewe kwa plasta ya kidonda, mahali ambapo kila mama aliyekuja na mtoto angeuona.

"Umeubandika wa nini, sista?" nikauliza, nikiona haya.

"Wakiniuliza kwa nini nasumbua watu kuleta watoto, nawaonyesha. Nawaambia, hawa wanaokosekana hapa katikati ya nguzo na mstari, niambieni wako wapi. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Alinitolea rejista, kisha daftari nene lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo alikuwa ameandika kila kijiji na kila mtoto aliyezaliwa humo, kwa jina la mama. Tuliondoka na mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mwenye mwavuli wa kijani, tukaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango walisalimiana kwa Kigusii, wakaulizana habari za ng'ombe na za ibada ya Sabato, ndipo kijitabu cha kliniki kikatolewa kutoka chini ya godoro. Mimi niliangalia tarehe na kuweka alama. Kijitabu kimoja baada ya kingine, surua imechanjwa. Surua imechanjwa. Kufikia jioni nilianza kuona aibu.

Siku ya pili asubuhi tulifika kwenye kijito. Nilikuwa na ile karatasi ya zamani mkononi, na vijiji vitatu vilivyofuata vilikuwa ng'ambo. Nikamwambia sista tuvuke.

"Kule si kwangu," akasema. "Kule kumekuwa kwa yule kijana tangu zahanati yao ifunguliwe. Nani atavuka maji na mtoto mgongoni kunifuata mimi, wakati zahanati iko mlangoni pake?"

Nilisimama pale ukingoni na ile karatasi. Vijiji vitatu, vyenye watu wengi kuliko vyote, vilikuwa bado vimehesabiwa kwa sista. Ndivyo vilivyoupandisha mstari wake juu kiasi ambacho hakuna muuguzi angeufikia. Na watoto walewale walikuwa wakichanjwa na yule kijana, ambaye mstari wake niliuweka chini kwa kunakili. Nilimwambia palepale. Nilimwambia na habari ya kunakili pia.

Sista hakukasirika kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Mwaka mzima," akatangulia kurudi.

Ingeweza kuishia hapo, na mimi ningependa iishie hapo, maana ningerudi ofisini nikisema kwamba yeye alikuwa sahihi kabisa na kosa lote lilikuwa langu. Lakini tulipokuwa tukirudi tulipita nyuma ya shamba kubwa la chai, na nikaona moshi ukitoka kwenye safu ya vyumba vya mabati.

"Pale wanakaa nani?" nikauliza.

"Wachumaji," mwenye mwavuli akajibu. "Si watu wa hapa. Wanakuja, wanaondoka."

Tulikwenda. Walitusemesha Kiswahili, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali na Kigusii hawakukijua. Kulikuwa na watoto wanne waliopita miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua. Wawili hawakuwa na kijitabu, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amechanjwa surua. Mama mmoja alisema hakujua kama zahanati ile ni ya kila mtu.

Sista aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye majina, ingawa alijua hayamo.

"Hawa sikuwajua," akasema.

Nilikuwa nimeshika kalamu bila kuandika.

"Andika, mama. Usinifiche. Ukiandika ya kwangu mazuri na haya uyaandike."

Niliandika. Yeye aliwaambia akina mama wampe nusu saa. Alishuka zahanati, akarudi na sanduku la baridi la chanjo begani, akawachanja watoto wote wanne kwenye kivuli cha ukuta wa mabati. Yule mwenye mwavuli aliwashika miguu.

Ofisini nilimweleza daktari kila kitu. Aliponisikia nikisema nilinakili namba, aliniuliza mara mbili kama nilikuwa na maana hiyo.

"Lengo la kaunti haliwezi kubadilishwa na karani," akasema hatimaye.

"Sibadilishi lengo, daktari. Nabadilisha nani anapewa kijiji gani."

Alifikiri. "Sawa. Lakini mkutanoni utaeleza wewe, si mimi."

Nilieleza. Nilisimama mbele ya projekta, nikaonyesha ukurasa wa zamani na mpya. Nguzo za sista zilikuwa zilezile, sikuzigusa. Mstari ulikuwa umeshuka, ukapita juu kidogo tu ya nguzo zake, na ile nafasi ndogo iliyobaki nilisema ni ya watoto wa wachumaji. Kisha nikaonyesha zahanati mpya. Mstari wake ulikuwa umepanda hadi juu, na nguzo zote zikawa chini.

Yule kijana alisimama bila kuitwa. "Kwa hiyo kazi yangu yote ya mwaka ilikuwa bure?"

"Hapana," nikasema. "Watoto uliowachanja ni walewale. Mstari ndio uliokuwa chini."

"Lakini mlinipigia makofi."

Aliketi.

Daktari alitaka kuendelea na ajenda. Sista aliinua mkono. Alisema barua ya kumlaumu ilikuwa kwenye faili yake, kwamba alikuwa anastaafu mwaka uliofuata, na hakutaka barua hiyo iondoke pamoja naye. Daktari alimwambia hayo yameshapita. Sista akajibu, kwa sauti ileile, kwamba ilikuja kwa maandishi, basi iondolewe kwa maandishi. Daktari aliandika kabla hatujanywa chai. Niliichapa mwenyewe, na sista aliisoma mara tatu kabla ya kuikunja.

Alistaafu kama alivyosema. Yule kijana aliwatuma wahudumu wake wakahesabu nyumba zote za ng'ambo, akapata watoto wengi ambao hawakuwahi kumfikia, na leo nguzo zake ziko karibu na mstari wa kweli. Tunasalimiana, lakini hakai nami meza moja.

Siku hizi kila Januari napiga simu zahanati zote kumi na mbili kuuliza vijiji vyao ni vipi, kipi kimeongezeka, kipi kimeondoka. Wengine huona nawasumbua. Chini ya kila mstari naandika kwa herufi ndogo namba ilitoka wapi na nani aliihesabu. Daktari hulalamika kwamba maneno yanajaza ukurasa. Mahali ambapo sina uhakika nachora mstari wa vitone. Robo iliyopita mgeni mmoja kutoka juu aliuona huo wa vitone, akauliza kwa nini haujakamilika. Nilimwambia kule bado hatujahesabu. Akasema niuchore tu kama mingine, ionekane vizuri. Nikamwambia nitauchora tukishahesabu, nikaenda ukurasa uliofuata.