Ufunguo Uliokwenda Kwenye Rashi

Nyundo zilisikika kabla watu hawajaonekana. Asubuhi za Nyakunguru ukungu ulilala hadi kwenye vizingiti, na ndani ya ukungu huo wanawake walikuwa wameshaketi, kila mmoja na nyundo yake, wakiponda mawe ya dhahabu. Ko, ko. Ko, ko. Jirani yangu nilimtambua kwa mapigo yake. Alipiga mara mbili, akanyamaza, akapiga mara mbili tena, kwa sababu katikati alikuwa akimgeukia mwanawe aliyemlaza juu ya gunia.

Mtoto huyo nilimpima mimi. Nilizungusha utepe kwenye mkono wake mwembamba, na alama ikasimama kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, wakati mradi wa lishe ulipokuja kijijini ukasema kwamba safari hii viongozi watakuwa vijana. Tulichaguliwa kumi. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, alitufundisha kupima watoto, kuchanganya unga wa uji, na kuingia katika nyumba za watu bila kuwaaibisha. Siku ya mkutano nilipotajwa kuwa kiongozi wa wale kumi, mzee mmoja alisimama.

"Huyu hata kuzaa hajazaa. Atamfundisha nani kulisha mtoto?"

Watu wakacheka. Muuguzi akamwuliza, "Na wewe, mzee wangu, umezaa wangapi kwa tumbo lako?" Wakacheka zaidi, na kicheko hicho cha pili ndicho kilichonipa cheo.

Alama ya cheo ilikuwa ufunguo. Zahanati ilikuwa mbali na muuguzi alikuja Jumanne tu, kwa hiyo pakiti za chakula cha watoto waliodhoofu, ile karanga iliyosagwa kama siagi, tulizifungia kwenye chumba kando ya ofisi ya kijiji. Kila Ijumaa mama mwenye mtoto wa nyekundu alikuja kuchukua za wiki nzima. "Ukitoka kijijini," muuguzi aliniambia, "wewe nenda, ufunguo ubaki." Niliufunga kwenye ncha ya kitenge changu. Watoto wakaanza kuniita Mwenye Ufunguo, nami nikajifanya sipendi.

Alhamisi moja, kabla ya saa sita mchana, bodaboda ilipita ikipiga honi mfululizo. "Rashi! Rashi upande wa Serengeti! Dhahabu inatoka kwa jembe!" Neno hilo kwetu halihitaji maelezo: dhahabu mpya imeonekana mahali, na kila mwenye miguu anaikimbilia. Nyundo zilinyamaza zote kwa pamoja. Mwalimu aliacha chaki. Waliokuwa na ng'ombe waliwaachia wake zao, na wake wengine wakawaachia ng'ombe mama wakwe. Nilichukua karai la mama yangu na koleo. Nilijiambia nitakwenda na kurudi.

Njiani nilipita mbele ya nyumba ya makamu wangu, kijana tuliyegombea naye ule uongozi. Alikuwa mlangoni, mguu umefungwa bandeji kwa sababu ya kuanguka shimoni mwezi uliopita.

"Mwenye Ufunguo, unakimbilia wapi?"

"Nakwenda na kurudi."

"Niachie hiyo funguo basi. Kesho si Ijumaa?"

"Nikuachie ili kesho uitwe wewe?"

Alicheka. "Haya, bosi. Dhahabu ikikuona na hicho kiburi itajificha."

Ingenichukua hatua kumi kufika pale alipoketi. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile, hatua kumi, na sijawahi kupata zaidi.

Kule kilimani kulikuwa na watu kama siku ya mnada. Tulichimba, tukaosha udongo, tukalala chini ya maturubai. Ijumaa niliikumbuka ikiwa imeshafika jioni. Nilipapasa kitenge, nikaushika ufunguo, nikasema moyoni kwamba Jumamosi nitaamka mapema. Jumamosi mtu wa shimo la jirani alipata chembe, nikabaki. Nilirudi Jumatatu na karai tupu, na udongo mwekundu kwenye kila mkunjo wa nguo.

Makamu wangu ndiye aliyeniambia. Jirani yangu alikuja Ijumaa akakuta kufuli. Akaja tena jioni, akaja Jumamosi mara mbili, akaketi pale kizingitini na mtoto mapajani. Makamu alitaka kuvunja kufuli, viongozi wa kijiji wakamkataza, hiyo ni mali ya mradi. Jumapili mtoto alikataa hata maji. Wakampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali ya Tarime.

Jumanne muuguzi aliniuliza nilikuwa wapi. Mbele ya wenzangu wote nilisema, "Msibani, mama. Ng'ambo ya mpaka, kupita Sirari. Shangazi yangu alifariki ghafla." Tangu hapo nimeishi kwa kutunga hadithi, na watu wengi nimewaua kwenye karatasi. Shangazi alikuwa wa kwanza, na alikuwa mzima, anauza nyanya.

Muuguzi akanishika bega. "Pole sana, mwanangu." Hakuna aliyenigombeza. Makamu alijua, akatazama bandeji yake.

Wiki mbili baadaye mtoto alirudi akiwa hai, amekwisha mwili, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Asubuhi iliyofuata sikusikia nyundo ya jirani. Nikasikia hodi.

Aliingia, mtoto mgongoni, akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na msiba. Tulikuwa hospitali, ndiyo maana sikuja mapema."

Akafungua fundo la kanga, akaniwekea mbele bakuli la unga. Kwetu mtu haendi kwenye msiba mikono mitupu. Niliutambua unga ule kwa rangi kabla sijaunusa: ulezi, karanga na dagaa wa kusaga. Ni ule tuliomfundisha kuchanganya. Ulikuwa uji wa mtoto.

"Huu ndio niliokuwa nao," alisema. "Shangazi aliumwa nini?"

Karai lilikuwa chini ya kitanda, na udongo wa rashi haujatoka kwenye ukingo wake. Hakuwa amelitazama. Ningeweza kusema homa, au presha, naye angelia pamoja nami.

"Dada, hakuna aliyekufa. Nilikuwa kwenye rashi. Ufunguo nilikuwa nao."

Mtoto alikohoa, mama yake akampigapiga matako bila kugeuka.

"Kwenye rashi," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi pale mlangoni nilikuwa nakuombea. Nikasema, huyu binti hawezi kuniacha hivi hivi, lazima kuna kubwa limempata."

Niliusukuma ule unga kumrudishia. Akaurudisha upande wangu kwa vidole viwili.

"Cha msiba hakirudi nyumbani," alisema. "Utaupika wewe. Huyu kuanzia leo nitampeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu."

Alisimama, akakaza kanga iliyombeba mwanawe, akainama asimgonge kichwa kwenye kizingiti cha juu. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu mpaka komeo likaingia.