Hard disk ya harusi za wanawake ilivyoanza kulia tik, na nilivyoituliza bila kuitoa nyumbani

Wakuu, salaam kutoka Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Na nawaambia mapema kwamba uzi huu ni wa kujisifu. Mwenye kuona vibaya apite tu, hatugombani.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Kwetu siku ya kupamba bibi harusi, mwanamume hakaribii mlango. Simu za wageni zinakusanywa kwenye kikapu. Buibui zinavuliwa, watu wanapiga vugo, zile pembe za ngoma ya wanawake, na kucheza wanavyotaka, na kamera inayoingia ni yangu tu.

Naaminiwa kwa sababu ya neno moja: picha zile hazitaonwa na mwanamume. Nimempa kila mama neno hilo, na sijawahi kulivunja.

Sasa hizo harusi zote zinakaa kwenye external hard disk moja. Najua. Msinipige mawe bado.

Siku moja akanipigia Aisha, ambaye nilimpiga video siku ya kupambwa kwake, kabla hajahamia kwa mumewe Kililana. Mamake, Bi Maryamu, amefariki, Mungu amrehemu.

"Dada, nataka kumsikia mama," akaniambia. "Ile video uliyonipa umetia nyimbo yuu yake, mama hasikiki. Nataka ile nzima, kabla hujaikata."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ninayo. Nikachomeka disk.

Tik.

Ikanyamaza kidogo. Tik tena. Nikifungua folda yake, kompyuta inaganda kwanza, disk inavuma kama inajivuta kitandani, halafu ndiyo inafunguka. Sauti ya Bi Maryamu haipo popote pengine duniani ila mle ndani.

Ndugu yangu Salim alikuwa sebuleni akasikia. "Nipe niipeleke Mombasa, kuna jamaa anazitengeneza hizi."

"Huyo jamaa ni mwanamume?"

"Ni mwanamume, lakini hatatazama. Ana kazi nyingi."

Nikamwambia hata akiwa na kazi usiku na mchana, haendi mtu na disk yangu. Salim akasema basi itakufia mkononi. Akatoka zake, na mimi nikabaki na hasira na uoga pamoja.

Nikaagiza disk mpya ije na basi kutoka Mombasa, ili nihamishe kila kitu. Lakini kuna kusubiri, na harusi nyingine ilikuwa mezani inangoja kuhaririwa. Nikaanza kuisikiliza ile disk kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Na hapa ndipo ninapojisifu.

Niligundua kwamba nikicheza video ndefu, disk iko kimya. Nikisimamisha nikaenda kukoroga uji, nasikia tik. Nikirudi nikibonyeza kitu, inaganda, inavuma, inaamka. Kitu kilichovunjika hakichagui wakati. Hii ilikuwa inalia ikipumzika tu. Nikajiambia, disk hii haifi, inalazwa na kuamshwa kutwa nzima.

Nikampigia fundi Mutua, kijana wa bara mwenye duka la kompyuta karibu na jeti ya boti. Nikamweleza hali, na nikamwambia wazi kwamba disk haiji dukani.

"Madam, sitaki kuiona," akasema. "Niwekee simu karibu nayo nisikie."

Nikaweka simu juu ya meza. Tukakaa kimya wote wawili, mimi Mkomani, yeye dukani kwake, tunasikiliza. Ikalia. Akaniambia hicho ni kichwa cha kusomea kinarudi kuegeshwa, na kwamba nimegusa penyewe. Akanituma niweke programu ya bure ya kupima afya ya disk, nimtumie picha ya jedwali lake. Hilo nilimtumia bila wasiwasi, tarakimu hazina nywele za kufunika.

Jedwali likasema kweli. Sekta mbovu hakuna hata moja. Ila mstari wa Load/Unload Cycle, yaani mara ambazo kichwa kimeegeshwa na kutolewa, ulikuwa na namba ndefu mpaka Mutua akanipigia kuuliza kama disk hii niliirithi. Kila kuegesha ni kuchakaa kidogo. Kidogo mara laki si kidogo tena.

Chanzo nini? Stima, wakuu. Sisi wa hapa stima ikipotea tunabana kila kitu ili betri ifike mwisho wa kazi. Mimi nilikuwa nimeiweka kompyuta izime hard disk kila ikikaa dakika moja bila kazi, na nilijiona mjanja. Kumbe programu ya kuhariri inaigusa disk kila baada ya muda mfupi kutafuta faili zake. Huyu anailaza, yule anaiamsha.

Nikaingia Control Panel, Power Options, nikafungua plan ninayotumia, advanced settings, Hard disk, "Turn off hard disk after". Upande wa stima nikaweka Never. Upande wa betri nikaweka muda mrefu, kwa sababu joto la huku nalo ni adui na sikutaka izunguke bure.

Nikakaa kusikiliza. Tik.

Hapo nilitaka kulia. Mutua akanieleza kwamba Windows ni bosi mmoja tu, disk yenyewe ina tabia yake ya kujibana, inaitwa APM. Ile programu ya afya ina mahali pa kuibadilisha. Nikaipandisha hadi namba ya juu kabisa, ambapo disk haijibani tena.

Kimya. Nikakoroga uji, nikaunywa, nikaosha sufuria. Kimya.

Angalizo: yangu ikichomolewa inasahau, kwa hiyo kila nikiichomeka naipandisha upya. Na kuna makasha ya USB yasiyokubali kabisa amri hiyo. Jaribu uone.

Disk mpya ikafika, nikahamisha harusi zote, faili moja haikupotea. Sasa kila harusi iko mahali pawili. Nilichojifunza ni kwamba kubana umeme si kuhifadhi kitu, na kwamba ukitulia ukasikiliza, mengi unaweza kuyafanya mwenyewe kwa mikono yako. Ila nakala ya pili msingoje tik.

Aisha alikuja na mtoto mgongoni. Nikafunga mlango, nikamwekea ile video nzima.

Kuna mahali Bi Maryamu anaacha vugo, anakuja moja kwa moja mpaka kwenye kamera, uso wote umejaa kwenye kioo, ananiita nikale. "Wewe, ndoo ule kwanza. Hiyo kamera haina ndaa." Kisha mkono wake unaziba lenzi na picha inakuwa nyeusi, ila anasikika bado akicheka.

Nilikata pale wakati ule, nikaona ni makosa ya kazi.

Aisha akaniambia nirudishe nyuma, tena na tena. Machozi yanamtoka na anacheka.

"Hapa ulipopatupa," akaniambia, "ndipo mamangu alipo."

Wakuu, fungueni disk zenu leo mtazame huo mstari wa Load/Unload, kisha mniambie hapa chini mna nani mle ndani.