Nati ya Gideoni Kalinga

Gideoni Kalinga ni fundi mzuri wa magari, na ninalisema hilo mapema ili lisije likanisumbua baadaye. Mimi nauza vipuri hapa Mlandege, duka langu limepakana na gereji yake, na sijapata kuona mtu aliyejaliwa mikono mizuri kiasi kile akanyimwa msimamo kiasi kile. Akisikia mtu anacheka barabarani, anajikagua suruali.

Kwa miaka mingi alikuwa akilifufua gari dogo la michezo, la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi. Alilikuta kuku wanatagia ndani. Alimwahidi binti yake Eveline kwamba siku ya ndoa atampeleka nalo kanisani, akiendesha mwenyewe, kisha amshike mkono waingie pamoja. Eveline aliishika ahadi hiyo tangu yuko sekondari, na hakuomba kitu kingine.

Siku moja kabla ya harusi, Gideoni alifunga beringi mpya za magurudumu ya mbele, nilizomuuzia mimi. Alizifunga sawasawa. Aliikaza nati huku akizungusha tairi ili beringi zikae mahali pake, kisha akailegeza kidogo, mpaka ukilishika tairi juu na chini ukalitikisa, unalisikia linacheza kwa mbali sana. Ndivyo gari lile linavyotaka. Beringi ikipata joto inavimba, na isipoachiwa nafasi inajiunguza.

Ndipo akaja Clement, dereva wa lori la mbao, ambaye ufundi wake wote ni kusimama karibu na mafundi. Akalishika tairi, akalitikisa.

"Fundi, mbona linacheza hili? Utamuua bibi harusi, bwana!"

Waliokuwa wakinywa chai pale nje wakacheka. Gideoni alikuwa na jibu. Nimemsikia akiwapa vijana wake mara nyingi. Lakini alilimeza. Akachukua bomba refu, akalivika kwenye mpini wa spana, akaikaza nati ile kwa uzito wake wote.

"Wewe Gideoni," nikamwambia, "unakaza nini tena? Si umeshamaliza?"

"Mama Zabron, watu wanaangalia," akasema kwa sauti ya chini.

Clement akatikisa tena. "Hapo sasa! Chuma hicho!"

Na Gideoni, mtu mzima mwenye mvi, akatabasamu kama mtoto aliyepewa soda. Sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau saa ile. Nilidhani watu wakiondoka atailegeza. Wapi! Clement angeweza kupita tena asubuhi.

Kesho yake alizunguka nalo mji mzima kwanza, aonekane, ndipo akamfuata Eveline kwa shangazi yake, Ipogolo, kule chini ya mlima. Sisi tulikuwa nyuma kwenye pikapu pamoja na wapiga matarumbeta. Katikati ya mlima wa kupandia mjini tukasikia harufu ya grisi inayoungua, kisha tairi la mbele likatoa moshi, likalia, likagoma kuzunguka.

Eveline akashuka, gauni kaliinua lisiguse vumbi. "Baba, liache. Twende na pikapu, tutachelewa."

Watu wa vibanda vya kando ya barabara walikuwa wameshajaa. Mmoja akauliza, "Fundi wake nani?" Swali hilo ndilo lililommaliza.

"Beringi feki!" akapaza sauti, mbele yangu mimi niliyemuuzia. "Ngojeni niwafungulie, mwone wenyewe." Akapiga magoti na suti yake, akaingiza jeki.

"Baba," Eveline akasema, "mimi sina haja na beringi. Nataka uniingize kanisani."

"Tangulieni, mwanangu. Nakuja sasa hivi. Wasije wakasema sijui kazi."

Tukampandisha bibi harusi kwenye pikapu, akakaa katikati ya matarumbeta. Tulimsubiri Gideoni mlangoni mwa kanisa mpaka mchungaji akatuma mtu kuuliza kulikoni, na kwaya ikaanza kurudia wimbo uleule. Mwishowe Eveline akaingia peke yake, maana hata mkono wa mjomba wake aliukataa. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Kanisa zima likageuka kutazama mlango. Yeye hakugeuka.

"Endelea tu, mchungaji," akasema. "Nimekuja mwenyewe."