Duara la Majivu

Enzi zetu pale Buyenzi, wakati wa vita, mtoto akionekana na fimbo alisimamishwa. Sisi tulibeba fimbo za mianzi zenye kifuko cha wavu wa gunia la vitunguu kichwani, na tulipowaeleza askari wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, kwamba ni za kuchezea mpira, walizidi kututilia shaka. Mwalimu Salvatori alisoma Kanada, akarudi na mchezo unaoitwa krosi. Tuliuchezea nyuma ya magereji, penye harufu ya oili chafu na sambusa za moto.

Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Watatu mbele kufunga, watatu katikati kukimbia uwanja mzima, watatu nyuma kuzuia. Kipa alisimama ndani ya duara la majivu, akipokea mpira wa tenisi tuliouvika mpira wa tairi ya baiskeli. Ulikuwa mgumu kama jiwe.

Mimi nilishuku mpangilio ule. Vita vilitufundisha kwamba mtu akikupanga mahali, ana sababu zake. Mbona kipa alikuwa Dezire kila siku, yeye na mama yake waliokuja kwetu wakikimbia vita kule Cibitoke? Alirudi nyumbani na alama mwilini. Mama yangu naye aliona. "Watoto wote hawa," alisema, "kwa nini anapigwa yule mugeni tu?" Maneno yakazunguka mtaani. Wengine wakawatoa watoto wao, na mama Dezire akaja uwanjani kumchukua wake. Bila kipa, mchezo ulikuwa umekwisha.

Kabla hawajaondoka, nikamuuliza Mwalimu mbele ya wote kwa nini kipa ni Dezire kila siku. Yeye alimwambia Dezire aende mbele, mimi niingie golini.

"Apana, Mwalimu," Dezire alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Nikamwambia, we, watakuvunja meno.

"Mupira waupige tu. Lakini mutu wa timu ingine haruhusiwi kukanyaga humu. Akikanyaga, filimbi inalia." Akamtazama mama yake. "Kule kwetu wenye bunduki waliingia tu."

Mama yake aliondoka peke yake. Kesho yake alikuja na kopo la majivu ya jiko lake, akainama, akaziba sehemu za duara zilizofutika.

Sijui kama Mwalimu alijua tangu mwanzo kwa nini Dezire alitaka kukaa mle ndani. Nimejiuliza mpaka leo, na simwamini mtu anayesema anajua.

Vijana wa siku hizi wana viatu vya rangi tatu na wote ni washambuliaji. Mwambie mmoja akae golini, atanuna kama umemnyima chakula. Wanacheza palepale nyuma ya magereji bila mstari hata mmoja. Wanasema ya nini, vita viliisha. Labda. Mimi nikipita hutazama chini kwanza, halafu namtafuta mwenye filimbi.