Waya Ambao Sikuuchomoa

Baada ya msiba wa bibi nilibaki nyumbani kwake Bweri kusaidia kuhamisha vitu vyake. Ukutani sebuleni nikakuta kile kisanduku cheusi chenye matundu manne, nyaya zake zimetafunwa na panya. Rafiki yangu, nilikaa chini sakafuni nikalia bila haya.

Enzi zile intaneti iliingia nyumbani kwa waya wa simu. Mjomba, fundi wa kompyuta mjini, ndiye aliyefunga kisanduku kile ili tugawane: waya mmoja kompyuta ya sebuleni, mmoja kwake, mmoja kwa dada, na mmoja ulipita darini hadi chumba cha nyuma, kwenye kompyuta kuukuu niliyorithishwa mimi. Jioni nyumba ilinukia samaki aina ya furu wa kukaanga, bibi akichekecha unga wa muhogo, sisi tukigombana nani anamaliza spidi. Bibi alikulia kwa wafugaji wa Butiama, na kwake intaneti ilikuwa hori la maji tu. "Kwetu ng'ombe mgonjwa anakunywaga kwanza," alituambia, "wengine wanangoja."

Mgonjwa wetu alikuwa mama yangu. Alikwenda Omani kufanya kazi za ndani, akaugua huko. Kila Jumapili baada ya misa muuguzi alimshikia simu, tukaonana naye kwenye kompyuta ya sebuleni. Saa hiyo kila mtu alichomoa waya wake ndipo akaja kukaa.

Jumapili moja nilikuwa napakua mchezo wa mpira. Ulibaki kidogo sana, na ningechomoa ungeanza upya. Nikauacha uendelee, nikaenda kukaa mbele kabisa, karibu na spika, na shati langu la kanisani.

Picha ya mama ikawa inaganda. Sauti ilikuja vipande vipande. Aliita jina langu, hilo nililisikia, kisha akaongea kwa muda mrefu akinitazama. Bibi akauliza nani hajachomoa. Nikasema nimechomoa. "Rudia, mwanangu," bibi akamwomba. Mama akarudia, na bado hatukusikia. Halafu akachoka, muuguzi akakata simu.

Jumatano tukaletewa habari kwamba amefariki. Mchezo nikaufuta bila kuufungua.

Siku moja tukianua muhogo, bibi aliniuliza taratibu, "Wewe ulikuwa karibu na spika. Mama yako alikuwa anakuambia nini?"

"Alisema nisome, bibi."

Akajifunika uso kwa khanga, akamshukuru Mungu. Tangu hapo kila mgeni alisimuliwa, hata ndugu waliotoka Kibara, na ng'ombe wa bibi waliuzwa mmoja mmoja kwa ajili ya shule yangu.

Siku hizi kila mtu ana bando lake kwenye simu, hakuna anayemwambia mwenzake ampishe. Ningetoa chochote nigombezwe tena kwa ajili ya waya.

Siku ya mazishi ya bibi mjomba alisimama kando ya kaburi akasema bibi alitimiza maneno ya mwisho ya mama, kwa kuwa mimi nimesoma hadi chuo. Waombolezaji wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia.