Trauti wa Shosho

Kwa mama yangu, hapa Scarborough, ughaibuni, kuna sahani moja nyeupe yenye maua ya bluu pembeni. Zilikuwa sita. Tano zimevunjika, na hiyo moja ambayo ningefurahi ivunjike bado ipo. Juzi Mama alinipakulia githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sahani hiyo hiyo, na kabla sijashika kijiko, harufu ya samaki aliyekaangwa kwa kitunguu saumu na limau ikanijia puani, ingawa jikoni hapakuwa na samaki. Nikaomba sahani nyingine. Mama akacheka. "Wanjiru, miaka yote hii na bado una kinyongo?"

Ninacho. Niwaeleze kwa nini, halafu mniambie kama nina makosa.

Nilikuwa na miaka tisa Shosho alipokuja kutoka Nyeri kukaa nasi miezi sita. Ni mama yake Baba, na mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hivyo aliniita "wajina" na kunitetea katika kesi zote za nyumba ile. Baba aliahidi mbwa, hatukumwona. Mama aliahidi baiskeli, ikawa mambo ya mwaka ujao. Shosho akisema kitu, kilifanyika.

Shida yetu ilikuwa mazungumzo. Kiswahili nilikielewa vizuri tu, lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa jengo letu. Shosho akiuliza kama nimeshiba, najibu kwa Kiingereza. Anatazama mdomo wangu, anatabasamu, kisha anamgeukia Baba amtafsirie.

Mwaka huo Baba alikuwa ameshikwa na wazimu wa kuvua. Wiki nzima alikaa ofisini mbele ya kompyuta, na ikifika Jumamosi ananipakia kwenye gari pamoja na fimbo zake za kuvulia hadi ziwa moja kaskazini, mwendo wa saa tatu, lililojificha kati ya vilima vya mawe na misonobari. Tuliambiwa lina samaki aina ya trauti. Tuliketi kwenye gati la mbao, miguu ikining'inia, tukila mandazi yaliyopoa yenye harufu ya iliki, tukipigana na mbu, kisha tunarudi mikono mitupu.

Shosho alituona vichaa. Chini ya shamba lake kulipita mto wa maji baridi kutoka mlimani, na ulikuwa na trauti hao hao, lakini wale walikuwa samaki wa Wazungu na wageni wa hoteli. Watu wa rika lake kule kwetu hawakula samaki. Kwake samaki na nyoka walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama akikaanga tilapia, Shosho alijifungia chumbani na kuziba chini ya mlango kwa taulo.

Basi siku moja nikamwambia, Baba akitafsiri, kwamba nikimpata trauti wangu, lazima amle. Shosho alivuta uzi wa sweta yake.

"Wewe ongea na mimi Kiswahili," akasema. "Kila siku, mpaka hiyo siku ya samaki. Ukimleta, mimi nitakula."

Tukapeana mikono kama watu wazima.

Msidhani ilikuwa kazi ndogo. Maneno yalinikwama kooni, kaka yangu Kamau akagaagaa chini kwa kicheko. Lakini nilikazana. Nilimweleza Shosho habari za mwalimu wangu mwenye viatu vyenye mlio, na habari za mtoto wa darasani aliyekula gundi. Naye akanieleza, polepole, akitua kati ya neno na neno, jinsi alivyomkataa mwanamume wa kwanza aliyekuja kumposa kwa sababu alicheka kama mbuzi. Tulicheka hadi Mama akatugongea ukuta. Nilimpenda sana wiki zile. Nilihisi nimepewa Shosho mwingine aliyekuwa amefichwa ndani ya yule wa kwanza.

Trauti alikuja asubuhi ya ukungu, mwezi wa tisa. Fimbo ilipinda, Baba akapiga kelele, na mimi nikavuta mpaka mikono ikawaka moto. Alikuwa mzuri, mgongo wa kijani kibichi wenye madoadoa, ubavu wenye mstari wa waridi, na alinukia matope baridi. Nilimkumbatia ndani ya barafu njia nzima hadi nyumbani.

Mama alimkaanga mzima na kumlaza kwenye sahani ya maua ya bluu. Shosho akaipokea kwa mikono miwili. Akasema samaki wa wajina wake ataliwa kwa heshima, chumbani, baada ya maombi. Mimi nikatumwa nikaoge, eti nanuka ziwa. Nilipotoka, Shosho alikuwa ameketi kitandani akijipangusa midomo kwa leso.

"Umekula?" nikauliza.

"Nimekula. Tamu sana."

"Na mifupa?"

"Hata mifupa," akasema Shosho.

Jumatatu nililitangazia darasa zima kwamba shosho yangu anatafuna mifupa ya samaki. Nilikuwa na fahari ya ajabu.

Jioni hiyo mlango ukagongwa, nikafungua mimi. Alikuwa Aunti Shanti, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, mama mmoja kutoka Sri Lanka ambaye hakuwahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Mkononi alikuwa na sahani ya maua ya bluu, imejaa bajia za dengu zinazofuka moshi. Akaniambia nimshukuru sana nyanya yangu kwa yule trauti. Watoto wake walimmaliza palepale.

Niligeuka. Baba alikuwa anaitazama televisheni iliyozimwa. Mama alikuwa amekumbuka kitu ndani ya sinki. Kamau aliuma mto asicheke. Wote walijua. Nyumba nzima walikuwa wamekaa kikao juu ya samaki wangu, wakanituma bafuni.

"Wajina," Shosho akaanza, "nilijaribu, nikamweka mdomoni..."

"You lied," nikamwambia. Safari hii hakumgeukia Baba.

Niliumia, wapendwa, na sitajifanya niliumia kidogo. Mimi nilikuwa nimetimiza sehemu yangu, neno kwa neno, kwa ulimi uliovimba. Kwa hivyo nikamnyang'anya kile nilichompa. Wiki tatu zilizobaki nilimjibu kwa Kiingereza tupu, na kwa ufupi.

Kwenye uwanja wa ndege alinishika mashavu kwa viganja vyake vikavu. Alikuwa amefundishwa na Kamau kwa siku kadhaa, na akayatoa maneno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "I am sorry for fish."

"Okay," nikasema. Alingoja kidogo, labda nitaongeza. Sikuongeza.

Nilikwenda Nyeri nikiwa mtu mzima, Kiswahili changu kimenyooka, nimekisoma hadi chuo kikuu. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini nilitaka tuimalize. Nilimkuta ameketi uani na majirani, akiwasimulia kitu kwa Kikuyu, haraka haraka, kwa mikogo, na wanawake wazima wanashikana mabega kwa kucheka. Sikuambulia hata neno. Binamu yangu Wambui akaninong'oneza kwamba uzee umemnyang'anya Kiswahili. Amebaki na lugha yake.

Lugha yake. Nikasimama pale na begi langu mkononi. Miaka yote nilidhani nilikuwa nimemfuata hadi kwake. Kumbe Kiswahili kilikuwa safari kwake pia, ndiyo maana alikuwa akitua kati ya neno na neno.

Nikapiga magoti mbele yake. "Shosho, ni mimi, wajina wako. Nimekuja kwa ajili ya yule samaki."

Akatazama mdomo wangu, akatabasamu, kisha akamgeukia Wambui amtafsirie.