Marlys Vondra Anamsimamia Nani?

Marlys Vondra alizaliwa na udadisi, na haukumtoka hata alipoota mvi. Akiwa mtoto kule Wilber, Nebraska, alimfuata mtu wa posta mtaa mzima ili ajue kwa nini huvuka barabara kila akikaribia nyumba ya kina Kubes. Akagundua kwamba mtu yule aliwahi kumposa binti wa nyumba ile, akakataliwa. Marlys hakumwambia mtu. Hakuwa mmbeya hata kidogo. Jambo likimwingia kichwani lilimwasha tu mpaka alijue, na akishalijua, alitulia.

Ukubwani alifanya kazi mjini Lincoln, katika kampuni ya bima ya mazao. Mvua ya mawe ikipiga mahindi ya watu, wakaguzi walikwenda mashambani, na mafaili yao yakafika mezani kwa Marlys. Yeye aliangalia kama yamekamilika: sahihi ipo, ramani ya shamba ipo, picha zipo. Lenye upungufu alilirudisha, lililokamilika alilipeleka mbele. Kazi aliijua vizuri na hakuichukia. Jioni aligonga kadi yake kwenye mashine ya kuhesabu saa za kazi iliyokuwa mlangoni, akaenda zake. Msimu wa mawe alibaki zaidi, na zile saa za ziada zililipwa vizuri kuliko za kawaida. Ndizo zilizoezeka upya paa la nyumba yake baada ya mume kuondoka.

Halafu majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, bosi wao, Galen Ostdiek, alimwita ofisini.

"Kaa, Marlys. Kuanzia Jumatatu wewe ni Meneja wa Mafaili."

"Meneja? Mimi?"

"Wewe. Utalipwa kwa mwezi, si kwa saa tena. Na mshahara umepanda kidogo. Ile mashine ya kadi isahau kabisa."

"Ehe. Na Verlyn?"

"Verlyn ni Meneja wa Picha na Ramani."

"Na Joyce wa simu?"

"Meneja wa Mawasiliano. Ghorofa nzima, Marlys! Kampuni inawathamini."

Marlys alitaka kuuliza kama amebaki yeyote wa kusimamiwa, lakini Galen alikwisha kunyoosha mkono wa pongezi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Verlyn Zajicek, jirani yake wa meza, mwanamume mpana mwenye sauti nyororo. Walipoletewa vibao vya shaba vyenye majina na vyeo, Verlyn alikisugua chake kwa leso, akakipiga picha, akaituma kwa baba yake.

"Mama wee, Verlyn, utakitoboa," Marlys alimtania.

"Wivu huo. Cha kwako kimeandikwa kwa herufi ndogo."

Mwezi wa sita mbingu zilifunguka. Mawe yalishuka makubwa kama mayai, mashamba yakabaki mabua, na mafaili yakaja kwa makreti. Saa kumi na moja ilifika na hakuna aliyenyanyuka. Ikafika saa mbili, jua la kiangazi bado likiwaka dirishani, na vichwa vyote vimeinama. Mashine ya kadi ilikwisha kung'olewa mlangoni, ikabaki alama ya mstatili ukutani. Aliyejaribu kuchukua mkoba wake mapema alitazamwa kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri. Mshahara ulikuja uleule, ukae mpaka saa kumi na moja, ukae mpaka giza.

Kwanza Marlys hakuikumbuka hata hiyo fedha. Alizikumbuka Jumatano zake. Kila Jumatano jioni alikuwa akienda Wilber kula supu ya ini na mama yake, Vlasta, kisha wakacheza karata. Sasa alipiga simu kuomba radhi, Jumatano hii, na ile, na nyingine.

"Kwani si wewe ndiye meneja?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi jipe ruhusa."

"Siwezi kujipa ruhusa."

"Sasa unaweza kumpa nani?"

Marlys akarudisha simu mezani. Mama alikwisha kukata, lakini swali lilikuwa limeshaingia, na likaanza kumwasha.

Kesho yake alimgeukia Verlyn. "Hivi wewe unamsimamia nani?"

"Picha na ramani," Verlyn alijibu bila kuinua macho.

"Nimekuuliza nani, sijakuuliza nini."

"Nasimamia utaratibu mzima."

"Utaratibu ukichelewa kazini, unaugombeza?"

"Marlys dada, fanya kazi. Huwezi kupewa kitu kizuri ukakila tu? Lazima ukipasue uone ndani?"

Alimuuliza Joyce, akacheka. Alimuuliza Galen, akasema ni muundo uliotoka makao makuu, na kwamba mambo mengine si ya kuchimbua. Angekuwa mtu mwingine, angeishia hapo. Mchana mmoja, wakati wa chakula, Marlys aliketi garini kwake na mkate wa nyama mapajani, akapiga simu ofisi ya serikali inayoshughulikia mishahara. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha kuwa ni Bibi Tolliver.

"Unaweza kuajiri mtu?" Bibi Tolliver aliuliza.

"Hapana."

"Kumfukuza?"

"Kuna siku natamani. Lakini hapana."

"Yuko mtu anayekuja kwako kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari?"

"Hayupo."

"Faili likija na kasoro, unaamua nini?"

"Siamui. Nalirudisha. Kuna mwongozo."

"Mwongozo uliuandika wewe?"

"Niliukuta."

Upande wa pili kulisikika kalamu ikigonga meza. "Sikiliza, Bibi Vondra. Cheo ni jina tu. Wakitaka wakuite malkia. Sheria inatazama kazi unayoifanya mchana kutwa, na kwa ulivyonieleza, kazi yako si ya meneja, ni ya mtu anayestahili ovataimu, alipwe kila saa ya ziada. Unataka kufungua malalamiko?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu."

"Kujua tu?"

"Ndiyo."

Bibi Tolliver akacheka kicheko kirefu. "Basi namba yangu unayo, siku ukitaka zaidi ya kujua."

Marlys alimaliza mkate wake, akapanda juu, akaingia kwa Galen na kumweleza yote kama alivyoyasikia. Hakuona sababu ya kumficha. Galen alikwenda kufunga mlango, akarudi akakaa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umenishtaki?"

"Nimeuliza tu, bosi. Nikajibiwa."

"Wewe mwanamke, utatumaliza." Akasugua paji la uso. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema, "Ila hata mimi nilikuwa najiuliza. Ghorofa nzima mameneja. Kuna siku nilitafuta mtu wa kwenda kuninunulia wino, nikaona haya kumtuma meneja. Nikaenda mwenyewe." Akaivuta simu karibu. "Niache niwaulize wakubwa. Afadhali wasikie kwangu kabla hawajasikia kwa huyo Bibi Tolliver wako."

Wakubwa waliposikia, walimtuma wakili. Alikuwa kijana mwenye adabu nyingi, akawaita mmoja mmoja katika chumba cha mikutano. Zamu ya Marlys ilipofika, alijibu maswali yaleyale ya Bibi Tolliver. Karibu na mwisho wakili alikohoa.

"Bwana Zajicek ametueleza kwamba yeye ni mkubwa wako. Kwamba wewe uko chini yake na anakupangia kazi. Ni kweli?"

Marlys hakukasirika. Kilichomjia ni ule mwasho wake wa siku zote: kwa nini Verlyn, ambaye hata kalamu hawezi kuiazima bila kuomba radhi, aseme uongo mkubwa namna hii? Aliomba dakika chache, akatoka, akamkuta Verlyn jikoni akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Verlyn, mimi ni mtumishi wako tangu lini?"

Shingo ya Verlyn ikawa nyekundu. "Usipige kelele."

"Sipigi. Nataka kujua."

Alikoroga tena. "Mzee wangu amekata nyama kiwandani maisha yake yote. Anagonga kadi kuingia, anagonga kadi kutoka. Akienda chooni, kuna anayemtazama saa. Aliniambia nisome ili nisigonge kadi ya mtu. Ile picha ya kibao ameibandika kwenye friji. Anawaonyesha wageni, Marlys. Alimwonyesha mpaka fundi bomba! Sasa nirudi nikamwambie nimeshushwa? Wewe sema ndiyo tu. Unapungukiwa nini?"

Marlys alimtazama, na kwa mara ya kwanza jambo alilolitafuta lilimuuma baada ya kulipata. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kusema ndiyo. Akawaza pia habari ya Joyce na wale wengine, na zile jioni zote zilizokwenda bure.

"Siwezi kusema uongo, Verlyn," alisema. "Ningekuwa naweza, ningekusaidia."

Akarudi chumbani, akamjibu wakili kwamba Bwana Zajicek ni jirani mwema, humwazima stepla yake, na kwamba hayuko juu ya mtu.

Kabla msimu wa mavuno haujaisha vibao vya shaba vilikusanywa. Kampuni ililipa zile saa za ziada za nyuma, haikukiri kosa, ikatoa na amri mpya: mtu asibaki baada ya saa kumi na moja bila ruhusa ya maandishi. Wakulima walipiga simu wakifoka kwamba madai yao yanachelewa, na baada ya kufokewa vya kutosha makao makuu wakaajiri watu wawili wapya. Joyce alinunua mashine ya kufulia. Vlasta akapata mtu wa kumshinda karata. Verlyn hakumsemesha Marlys. Alihamisha stepla akaiweka upande wa pili wa meza, na alipotaka kitu kwake alimtuma mmoja wa wale wapya. Marlys aliyameza. Alijua anachonuniwa, na kujua huko hakukumtuliza kama siku zote.

Jumapili moja ukumbi wa kanisa la Wilber ulikuwa na chakula cha mchana cha pamoja, bata wa kuoka, matonge ya unga na kabichi chachu. Marlys alimleta mama yake, wakaonyeshwa viti, na mbele yao kumbe wamekaa Verlyn na baba yake. Mzee Emil alikuwa na mikono minene, kidole kimoja kifupi, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Binti, unafanya kazi na mwanangu?" alinguruma. "Basi unamjua meneja!"

Verlyn aliganda na uma mkononi. Marlys akaelewa mara moja: hajamwambia. Aliinamia sahani yake, akajishughulisha na kabichi. Alikuwa na maswali kumi mdomoni, na safari hii yote akayameza.

"Mbona kimya?" Vlasta alimtikisa. "Unaumwa?"

"Baba," Verlyn alisema ghafla. "Mimi si meneja tena. Wameturudisha kwenye kadi. Sote."

Mzee aliweka kisu. "Umeharibu nini?"

"Sijaharibu. Ni sheria. Zamani tulikuwa tunabaki mpaka usiku. Sasa nikibaki, wananilipa kila saa."

"Na zamani?"

"Zamani ilikuwa mshahara tu, baba."

"Ngoja. Unabaki mpaka usiku, na zile saa hawalipi?"

"Hawalipi. Nilikuwa meneja."

Mzee Emil alimtazama mwanawe, akamtazama Marlys, akarudi kwa mwanawe. "Verlyn, mimi nimekata ng'ombe mpaka nikaacha kidole pale. Kidole waliondoka nacho. Dakika yangu hawakuipata bure hata moja! Tuligoma kwenye theluji kwa ajili ya hizo dakika. Na wewe, uliyesoma, unawapa jioni nzima, halafu unanipa picha nibandike kwenye friji?" Sauti ilikuwa imepanda, na meza za jirani zikageuka. "Aliyekutoa huko ni nani?"

Verlyn alielekeza uma wake kwa Marlys, polepole, kama shahidi mahakamani.

"Wewe binti?"

"Mimi niliuliza tu, mzee."

"Uliuliza!" Mzee akaanza kucheka, kicheko kilichomtingisha mpaka kikombe kikamwagika. Alilivuta sinia la bata, akachukua paja kubwa kuliko yote, akalitua mbele ya Marlys. "Kula. Na huyu akikununia tena, niambie."

"Sijanuna," Verlyn alinong'ona.

"Umenuna tangu Septemba," Marlys alisema. Verlyn akashindwa kujizuia, akacheka naye.

Wiki iliyofuata, saa kumi na moja, ghorofa ilibaki tupu. Marlys alisahau mwavuli, akarudi juu kuuchukua, akaona taa ya Galen inawaka. Alikuwa peke yake, tai imelegezwa, mafaili pande zote mbili.

"Bosi, huendi nyumbani?"

"Nani atazifanya kazi hizi? Nyinyi nimekatazwa kuwabakisha." Akaegemea kiti. "Hebu nikuulize, maana wewe ndiye mwanasheria wa jengo hili. Mtu kama mimi, sheria inasemaje?"

Marlys alifikiri kwa makini, akihesabu kwa vidole. "Unaajiri?"

"Naajiri."

"Unafukuza?"

"Nimewahi, Mungu anisamehe."

"Ruhusa tunakuomba wewe."

"Kila siku."

"Basi pole, bosi. Wewe ni meneja wa kweli."

Galen alicheka bila sauti, akavuta faili la juu. Marlys alisimama mlangoni na mwavuli wake. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Huruhusiwi kufanya kazi saa hizi," Galen alimwonya.

"Sifanyi kazi. Nataka kujua tu," Marlys alisema. "Mke wako akikupigia saa hizi, huwa unamwambiaje?"

Galen akalifunga faili, akaanza kumweleza.